Pinioni ya Meno Tisa

Gereji nzima ilimwita Mzee Meno, kwa kuwa alihesabu meno ya kila gia kwa kidole, hata namba ikiwa imechongwa pembeni. Kinywani mwake yalikuwa yamebaki machache, na utani huo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuucheka.

Wiki ya mashindano, bosi alimletea jozi mbili za gia za difu, zile zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Krauni zote mbili, gia kubwa, zilikuwa na meno arobaini na moja. Pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, moja ilikuwa na kumi na moja, nyingine tisa.

"Funga ya tisa. Nataka gari lichomoke kama risasi."

"Kuchomoka litachomoka, bosi. Lakini njia ya mashindano ina mnyooko mrefu. Injini itamaliza nguvu hata nusu yake gari halijafika, ibaki kulia tu mpaka ipasuke. Na anayeendesha ni..."

"Ni dereva wangu."

Alikuwa pia kitindamimba wa Mzee Meno. Binti huyo alikuwa ameegemea mlango, kofia ngumu mkononi.

"Baba, funga tu. Ukibisha atampa mtu mwingine usukani."

Akafunga. Akafunga vizuri, na hilo ndilo lililomuuma: alipaka rangi kuona meno yanavyogusana, akapima, akarudia, akakaza kila bolti. Kazi mbovu mikono yake haikuijua.

Jumamosi alisimama nyuma ya uzio. Gari likachomoka mbele ya yote. Bosi akampigapiga begani. Kisha ukaja mnyooko. Mlio wa injini ukapanda, ukapanda, ukagota hapo juu, na magari mawili yakampita binti bila haraka yoyote.

"Punguza mafuta, mwanangu," alinong'ona.

Kwenye mzunguko wa saba ukasikika mshindo. Moshi. Gari likayumba, likajikita kwenye ukuta wa matairi.

Alikimbilia lango. Mlinzi akamzuia kifuani.

"Subiri, mzee."

"Ni mwanangu yule!"

"Najua. Subiri."

Alisubiri, vidole vimeng'ang'ania nyavu za uzio, mpaka alipomwona binti yake akitoka kwa miguu yake, ameshika kifundo cha mkono.

"Injini ilikuwa dhaifu," bosi alisema.

Jumatatu bosi alileta injini nyingine. "Difu haina shida, usiiguse."

Mzee Meno akamgeukia binti yake, aliyefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Daktari kasema wiki mbili, Baba. Mashindano ni mwezi ujao. Nitakuwa nimepona."

Mzee akaitazama difu, yenye pinioni ileile ya meno tisa. Kisha akavuta mnyororo wa winchi, injini mpya ikaanza kunyanyuka kutoka sakafuni.