Karatasi Niliyoichovya Kwenye Kahawa

Aibu hii naisimulia nikicheka, lakini mwili bado unanisisimka. Miaka ile ya wakimbizi wa Burundi nilikuwa nachora matangazo kwa kompyuta pale Kabanga, karibu na mpaka. Nilitaka sura ya karatasi kuukuu, basi nikachana ukurasa mtupu kwenye daftari la parokia la majina ya ndugu waliopotea, nikauchovya kwenye kahawa, nikauanika. Ulipokauka ulitoa michirizi myeusi, pale kalamu ilipokuwa imekandamiza wakati wa kuandika majina ukurasa wa juu yake. Mimi, fundi mkubwa, nikaiona urembo. Nikaskani, nikachapa juu yake tangazo la kwaya.

Jumapili nikasimama mlangoni pa kanisa nipokee sifa. Bibi mmoja Mrundi alikuwa analipapasa tangazo.

"Shikamoo bibi. Kazi yangu hiyo."

"Marahaba. Hapa umemwandika mwanangu," alisema. "Umemwona wapi?"