Kwa Sister Jero, Aliyetufundisha Kuamsha Mtoto

Bado nashika simu nikitaka kukupigia, Jero. Halafu nakumbuka. Hii habari imekataa kabisa kuingia kichwani.

Kwa wale hawakumjua: Sister Jerotich alikuwa nurse kwa utafiti wetu wa watoto wachanga hapa Eldoret. Tunawatembelea nyumbani wiki za kwanza, na tukipata dalili ya maambukizi makali, mtoto anaanzishiwa sindano karibu na kwao kabla mambo yaharibike. Jumatatu alikuwa kwa meeting akibishana na kila mtu. Jumatano moyo ukasimama.

Mimi ni Abdi, field officer. Nimekulia nyuma ya kaunta ya duka la baba hapa mjini, matope ya shamba sikuyajua. Siku ya kwanza kazini nilikuja na viatu vya ngozi. Jero akanitazama, akasema, "Kijana, hivyo ni vya Idd. Nenda ununue gumboots."

Kila Ramadhan aliniuliza swali lile lile: "Abdi, hata maji?" Hata maji, Sister. "Woi!" Na yeye hangekula mbele yangu. Alikuwa anajificha nyuma ya gari na chapati yake kama mwizi.

Sauti yake mnaijua. Akiita boda, watatu wanageuka.

Lakini leo kuna kitu lazima niseme. Nimekikwepa miaka, na yeye alijua nakikwepa.

Wengi mmenisikia kwa training nikisimulia habari za "field officer mmoja" aliyeandika kwamba mtoto hana shida, kumbe mtoto anakufa. Huyo field officer mmoja ni mimi.

Ilikuwa kijiji cha Chepsaita. Mama mzazi alikuwa ndani, na nyanya ya mtoto, gogo, ndiye alitupokea mlangoni. Nikasoma swali vile lilikuwa kwa tablet: mtoto ako na shida yoyote?

"Huyu? Hapana! Mtoto mzuri sana. Tangu jana halii, hasumbui mtu, analala tu."

Nikaweka tick: hakuna. Nikasema asante gogo, nikaanza kutafuta pa kupita kwa matope.

Jero hakutoka. "Gogo, naomba nimuone."

"Amelala. Usimwamshe."

"Nitamwamsha mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi."

Hakukasirika. Jero alimgusagusa nyayo, akamweka kwa titi la mama, mdomo hata haukufunguka. Mwili ulikuwa unachoma.

Alidungwa sindano ya kwanza kwa dispensary ya karibu, kisha tukamkimbiza hospitali mjini. Na alipona! Alipona kabisa, siku hizi yuko shule na mwalimu analalamika kwamba anachapa wenzake.

Njia nzima nilingoja Jero anigombeze. Alishughulika na mtoto mpaka akapokelewa. Ndipo akaniuliza, "Abdi, ulisikia nini pale mlangoni?"

Nikasema nilisikia hakuna shida.

"Ulisikia sifa. Gogo alikuwa anasifu mgonjwa, na wewe ukaandika."

Nilitaka ardhi inimeze. Na ni kweli, huku kwetu mtoto asiyelia anasifiwa, uwe Mkalenjin uwe Msomali. Hata mama yangu husema hivyo, na mimi nimekua nikisikia.

Kwa meeting alisema "tulikosea." Jina langu halikutoka mdomoni mwake hata mara moja. Akadai swali libadilishwe. Wakubwa wakasema fomu ilishapitishwa, kuibadilisha ni process ndefu. Jero akawajibu, "Mtoto hangoji process."

Alibishana miezi. Aliandika barua, zikarudi, akaandika zingine. Akashinda.

Siku hizi hatuulizi kama kuna shida. Tunauliza mtoto amenyonya saa ngapi, halafu tunaomba aamshwe anyonye sisi tukiona. Na gogo anaketi hapo hapo, naye anafundishwa. Kuna watoto wanakimbia leo Uasin Gishu kwa sababu ya Jero, na hiyo nasema bila wasiwasi wowote.

Mimi aliniomba jambo moja tu: nimwambie mama ya yule mtoto ukweli, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila tukikutana, "Umeenda?" Nitaenda, Sister. "Haya. Chepsaita haijahama."

Jana nilienda.

Nilimkuta akipukuchua mahindi. Nikampa habari ya Jero, akalia, na mimi nikalia. Halafu nikasema: Mama, siku ile ni mimi niliandika mtoto wako hana shida. Nilikuwa naenda zangu.

Aliendelea kupukuchua. Nilisikia tu mahindi yakianguka kwa karai. Nikajua sasa nafukuzwa, na ni haki yangu.

Mwishowe akauliza, "Na siku hizi mnauliza aje?"

Nikamwambia. Akasimama, akapanguza mikono kwa leso. "Kuja." Nyumba ya pili kwa hilo boma, mke wa shemeji yake alikuwa na mtoto wa siku nne.

"Uliza hapa," akasema. "Nataka kusikia."

Nikauliza. Nikaomba aamshwe. Jero, huyo mtoto alilia mpaka kuku wakatoka jikoni! Alipopewa titi akanyonya kwa fujo, hata hakutaka kuachia. Yule mama aliyenileta alisimama pale mlangoni akaangalia mpaka mwisho. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Akaniambia, "Sawa. Sasa unaweza kwenda kumzika."

Jumamosi nitakuwa hapo mbele, dada yangu. Watoto wa leo tumeshawaona wote. Lala sasa, Jero, ulale salama.