Kadi Moja kwa Watoto Wawili

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani Kolwezi, nasema nilikuwa karani, nao hawaulizi zaidi. Tangu wakati ule nimelala katika miji mingi, Likasi, Kalemie, hata Ndola ng'ambo ya mpaka, na kila mahali karani ni karani. Sisemi kwamba kazi yetu ilikuwa kuhesabu watu hufa wakiwa na umri gani.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Biro, yaani ofisi yetu ya bima, ilikuwa nyumba ya matofali pembeni mwa kambi ya wafanyakazi wa mgodi, na vumbi jekundu liliingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mfanyakazi akifa, bima iliwatunza mjane na yatima wake, kwa hiyo ilibidi kujua mapema, kati ya watoto wanaozaliwa, wangapi watafika utu uzima na wangapi watazeeka. Mzungu mmoja mtaalamu wa hesabu hizo ndiye aliyetengeneza jedwali. Sisi makarani weusi tulimpelekea kadi, moja kwa kila mtu wa kambi, na kuzungusha mikono ya mashine za kujumlishia tangu king'ora cha asubuhi. Ndani ya biro ilibidi kupiga kelele ili jirani akusikie.

Tulizoea. Mtu akikohoa, wa meza ya pili alimwita tata, yaani baba, akamwambia, "Tata, kohoa polepole, utaharibu jedwali ya Bwana." Aliyepata mapacha aliambiwa ametuongezea kazi. Mchekeshaji mkubwa kuliko wote alikuwa rafiki yangu, Mkasai, ambaye baba yake aliletwa na treni kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Kila Jumapili baada ya misa alikula kwetu. Alikuwa akiingia mlangoni anasema, "Mama wa bukari, mugonjwa wako amefika," na mke wangu alikuwa akicheka kabla hajaweka sahani ya bukari, ndiyo ugali wa kwetu.

Tulikuwa na binti. Niseme sawasawa: tulikuwa na binti, akafa kwa surua katika msimu wa mvua, akiwa ameanza kusema maneno mawili matatu. Mwaka uliofuata alizaliwa mwingine, naye alipewa jina lile lile. Kwetu ilikuwa hivyo, na kwa familia nyingi za kambi pia. Jina la mtoto aliyekufa halitupwi. Anayemfuata analichukua, na watu husema amerudi. Mimi ni Mkatoliki, nilisoma kwa mapadri, na sikuona ubaya wowote.

Mke wangu aliamini kabisa kwamba amerudi. Alimvika mdogo nguo za yule wa kwanza. Alikuwa akimwambia, "Unakumbuka ulivyoogopa mbuzi ya jirani?" na mtoto alijibu anakumbuka, akaigiza jinsi alivyokimbia. Mbuzi yule alikuwa amechinjwa kabla mtoto huyu hajazaliwa. Tulicheka sisi watatu. Mke wangu, ambaye baada ya mazishi alikuwa amenyamaza miezi mingi, alirudi kuwa mtu kwa ajili ya mchezo ule.

Kwenye kadi mambo yalikwenda hivyo hivyo. Mtoto alipozaliwa, wazazi hawakuomba kadi mpya. Ya nini, na jina lilikwisha kuandikwa? Kifo hakikuandikwa, kuzaliwa hakukuandikwa. Kadi ya binti yetu ilikuwa ikipita mkononi mwangu mwenyewe, na sikuwahi kuona kama ina kosa.

Mzungu ndiye aliyeligundua, naye alikuwa mtu mpole. Jumapili moja alitembea na mke wake hadi makaburini kwa watu weusi. Jumatatu aliagiza mashine zisimame.

"Kule kuko makaburi madogo mingi," alisema kwa Kiswahili chake cha mgodini. "Kwa kadi yenu batoto habafe. Sababu gani?"

Kila mmoja alitazama meza yake. Mwishowe rafiki yangu alisema, "Bwana, bale balirudia."

"Balirudia kutoka wapi?"

 Mzungu alikuwa na akili, akatuuliza taratibu mpaka akaelewa. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba kama jedwali linaonyesha watoto hawafi, wakubwa wa mgodi hawataona sababu ya kuongeza wauguzi wala maziwa katika kambi. Alisema kweli. Hata leo siwezi kusema hakusema kweli.

Tukatumwa kurudi nyumba kwa nyumba. Safari hii hatukutakiwa kuuliza mama ana watoto wangapi. Tuliuliza amezaa mara ngapi. Kisha kila mtoto apewe kadi yake, na aliyekufa aandikwe kuwa amekufa. Katika mtaa niliopewa, mama mmoja alinifungia mlango, mwingine alinitajia wote akiendelea kupepeta mchele, bila kuinua uso. Karani hakuruhusiwa kuandika nyumba yake mwenyewe. Mtaa tulioishi sisi alipewa rafiki yangu.

"Batakuya na kwetu?" mke wangu aliuliza.

"Batakuya."

"Uwaambie hapa kuko mutoto moya. Ukiwaambia wako wawili, mi nitabaki na nani?"

Kesho yake nilimwomba rafiki yangu airuke nyumba yangu. Alikuwa anachonga penseli. "Tata," alisema, "nikiruka ya kwako, ya nani tena nitaiandika?" Hapo hakufanya mzaha.

Alikuja jioni, jua likiwa bado halijazama, amevaa tai. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua sombe, majani ya mihogo, mtoto amemlalia mapajani.

"Mama wa bukari, leo sikukuya kula."

"Basi umekuya kufanya nini? Weye mutu wa tumbo tu."

"Kazi, mama." Alikaa kwenye kiti ambacho hukalia Jumapili, akaitoa kadi yetu. "Umezala mara ngapi?"

"Mara moya."

Rafiki yangu alinitazama, nami nikatazama majani ya sombe. Kisha akasema, "Muzuri. Nitaandika moya," na akainamia kadi. Alikuwa tayari kutudanganyia, na ninampenda kwa hilo hadi leo. Ila karani ni karani, lazima asome kadi anayoijaza, na mwaka wa kuzaliwa uliokuwamo ulikuwa wa yule wa kwanza. "Basi huyu ataingia masomo kwa masista mwaka huu," alisema. "Miaka yake imefika." Akamgeukia mtoto. "Weye mukubwa, utaenda masomo?"

Mtoto alikuwa ananyonya kidole. Hakuweza hata kufunga kifungo cha gauni lake. Alimtazama mama yake ili ajue ajibu nini, kama alivyokuwa akimtazama kila siku kwa habari ya mbuzi.

Mke wangu aliacha sombe. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kana kwamba mtu kamwekea mapajani sasa hivi.

"Mara mbili," alisema.

"Mama, nimekwisha kuandika moya. Iache tu."

"Futa. Nilizala mara mbili. Wa kwanza alikufa."

Na akasema yote. Alisema homa ilivyoanza, jinsi tulivyomfunika kwa kitenge tukienda lopitali kwenye mvua, na kwamba nilipokwenda kazini mtoto aliomba maji na muuguzi akasema wangoje. Hilo la maji sikuwa nalijua. Rafiki yangu hakuandika, alishika penseli tu. Mtoto alikuwa ameinua kichwa anasikiliza.

"Nani alikufa?" aliuliza.

Rafiki yangu alifuta moja, akaandika mbili.

Toka siku ile mke wangu hakuweza kumwita mtoto kwa jina. Alijaribu, nilimsikia akijaribu, sauti inaishia njiani. Akawa anamwita "mutoto", halafu "weye", halafu akawa anamfuata alipo na kumshika mkono bila kumwita. Habari za mbuzi zilikwisha. Mtoto aliuliza mara moja, mama yake akamwambia, "Haikukuwa weye." Usiku ule alikojoa kitandani.

Kambi ilipata wauguzi wapya. Nao walifanya kazi nzuri.

Mke wangu alisema anampeleka mtoto kwa bibi yake, katika mji wa Sandoa, apewe jina lake mwenyewe. Niliwasindikiza stesheni, wapande treni ya Mutshatsha, na kutoka huko watafute lori. Niliamini ni wiki chache.

Nilipopata likizo kazini nikawafuata. Bibi yake alikuwa amempa jina, jina zuri la Kilunda. Nilimkuta mtoto uani amenipa mgongo, nikamwita kwa lile nililolizoea, na hakugeuka. Hakuwa na jeuri. Hakujua kwamba anaitwa.

Mke wangu alikuwa amenenepa kidogo, ana shamba la mihogo. Nilimwambia nyumba ipo, nimepaka chokaa.

"Ile nyumba, nikiingia nitaona beko wawili," alisema. "Hapa niko na moya, na ni huyu. Usinikasirikie, baba."

"Sikasiriki."

"Unakasirika. Lakini kula kwanza."

Nilikaa siku chache, kisha lori likapatikana. Mtoto alinisindikiza hadi barabarani, amenishika kidole. Alikuwa ameanza kuongea kama bibi yake, polepole, akifikiri.

"Tata, ule wa kwanza alikuwa anakuita namna gani?"

"Alikuwa ananiita tata."

"Kama mi?"

"Kama weye."

Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. "Basi mi nitakuita ingine," alisema.

Nikamuuliza ipi. Akaniambia ningoje, anatafuta. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha lori na waliokuwa juu yake wananiita nipande. Nilingoja mpaka wakanitukana, halafu nikapanda, naye akabaki amesimama pale, bado anatafuta.