Kiti Kilichopimiwa Mwingine

Mimi ndiye niliyempikia Baba Askofu tangu siku alipoingia na masanduku yake mawili, kwa hiyo nikisema alikuwa na wivu, simsengenyi. Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wivu nao ni chafya: unamtoka mtu mbele za watu.

Jimbo letu lilikuwa jipya, limemegwa kutoka lile la zamani, na sote tulishajua askofu wa kwanza atakuwa nani. Paroko wetu, nani mwingine? Ndiye aliyetubatiza, akatufungisha ndoa, akatugombeza. Fundi seremala, alipoagizwa kiti cha askofu, hakungoja hata Roma iseme. Alimsimamisha Paroko sakristia, akampima mgongo, mapaja na miguu huku tukicheka. Paroko alikataa kwa mdomo, lakini alisimama wima.

Roma ikataja mgeni. Mtu wa nchi ya mbali, aliyekuja kijana kufundisha seminari, akabaki, hata mama yake alizikwa yeye hayupo. Sasa, Paroko wetu ni mfupi kama mimi. Huyu mgeni, akiingia jikoni kwangu, huinama.

Siku ya kusimikwa alikaa kitini, magoti yakapanda kama ya panzi. Kwaya nzima ilijificha nyuma ya vitabu.

"Mama," aliniuliza wakati wa chakula, "kile kiti kilitengenezewa nani?"

Ningedanganya, ila mimi na uongo hatuivi chungu kimoja. "Paroko, Baba."

Akaweka kijiko chini. "Kwetu nilikuwa wa mwisho, wavulana saba. Sijawahi kuvaa kiatu kilichonunuliwa kwa ajili yangu. Nimevuka mipaka, nimeota mvi, na bado nakalia cha mwenzangu."

Nilimwonea huruma, lakini alinichosha. Baada ya Misa watu walimzonga Paroko kwenye mlango mmoja, na Askofu na kofia yake ndefu akasimama mlango wa pili akisalimiwa na mwalimu wa kwaya peke yake. Mtu alibisha hodi nyumbani, Askofu akafungua mwenyewe.

"Paroko yupo?"

"Mimi nipo."

"Ah, basi tutarudi."

Paroko akisifu supu, Askofu husema imezidi chumvi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa fimbo ya uchungaji, tukasahau kumpa mioyo yetu. Hilo lilimuuma, na alikuwa na haki ya kuumia.

Kisha akamhamisha. Akampeleka parokia ya mwisho, kule lami inapokatika. Alitangaza mezani, macho kwenye sahani: "Ni mahitaji ya kichungaji."

"Hayo mahitaji yana jina, Baba?" nikauliza. Paroko alifunga mizigo yake, akaniaga, akaondoka.

Haikupita muda, Fundi akaja na kiti kipya kimefunikwa shuka. Askofu akakaa. Kilimtosha kuanzia kisigino hadi kisogo.

"Ulinipima lini?"

"Sikukupima, Baba Askofu. Paroko aliniletea kanzu yako kutoka kwenye kamba, nikaipima, akairudisha ikiwa bado mbichi. Magoti niliyakadiria Jumapili. Yanaonekana hata kutoka mlango mkubwa."

"Paroko? Lini?"

"Zamani, kabla hujamhamisha. Alisema, mgeni wetu anaumia, na ana aibu ya kusema."

Askofu alishika mikono ya kile kiti. Aibu ilimjaa usoni. "Na yeye kule anakalia nini?"

"Benchi, Baba," Fundi akajibu.

Kesho yake tulipakia kiti cha zamani kwenye pikapu, nami nikapanda nyuma kukishikilia. Tulipofika, Askofu alikibeba mwenyewe kichwani hadi uani. Paroko akatoka, amezungukwa na watu, mama mmoja kamshika mkono.

"Baba Askofu! Umeniletea kiti, au umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kukuchukua. Nilikuhamisha kwa wivu. Nisamehe."

"Achukuliwe nani?" yule mama akadakia, mkono hauachi. "Kanisa hili tumelijenga, tumezeekea humo, padri hatukuwa naye. Huyu tumeshampata. Hatoki."

Paroko akawatazama, akacheka, kisha akakaa kwenye kile kiti. Nyayo zake ziligusa chini vizuri. "Nilishakusamehe, Baba. Ila niache hapa."

Wakati wa kurudi Askofu alinikalisha mbele. Lami ilipoanza, akanigeukia.

"Mama, uliona yule mama alivyomshika Paroko mkono?"

"Niliona."

"Nawaonea wivu wale waliobaki naye."

"Hata mimi, Baba," nikasema.