Kitambaa cha Oluoch

Kabla mitumba haijajaa kila kona, ukitaka suti Gatwekera, mtaa wetu wa Kibera, ulimwendea Lusweti. Alikuwa fundi kutoka Bungoma, mwenye cherehani moja na maringo ya watu kumi. Kibanda chake kilipakana na meza yangu ya kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, na mteja wangu akisimama vibaya akamzibia mwanga, alimfokea bila haya. Tuligombana karibu kila siku. Kazi yake lakini niliiheshimu, maana alikurudishia mabaki ya kitambaa chako yote, ameyakunja vizuri, ili suti ikichanika uwe na kiraka chake. Fundi aliyebaki na mabaki ya mtu, sisi tulimwita mwizi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Oluoch, Mjaluo wa Kambi Muru, mtaa mwingine wa Kibera, aliyefanya kazi ya kufuma katika kiwanda kimoja cha vitambaa kule Industrial Area. Halafu wakubwa wakatangaza kwamba soko ni huria, kila mtu alete anachotaka kutoka anakotaka. Tukafurahi, mimi wa kwanza. Nilijinunulia sweta nzito ya Ulaya kwa bei ya sabuni, nikapita nayo mbele ya Lusweti makusudi. Tulivaa, tukacheka, na kiwanda cha akina Oluoch kikafungwa. Haki yao hawakuiona. Kila mfanyakazi alikatiwa kitambaa cha kijivu cha kutosha suti moja, akaambiwa aende nyumbani.

Oluoch aliapa hatavaa mtumba maisha yake yote. Kwake hizo zilikuwa nguo za maiti wa Wazungu. Alipoanza kuugua kifua alikuja na kile kitambaa mkononi, nami nilikuwa pale pale nikipima omena.

"Baba Rachael, weka hii," akamwambia Lusweti. "Siku nikienda, nishonee nayo. Usikubali wanizike na mtumba."

"Wacha hizo, wewe bado uko sana," Lusweti akasema. Lakini alikipokea, akakifungia sandukuni.

Miaka hiyo hakuna tena aliyeleta kitambaa. Watu walileta mitumba: nipunguzie hapa, nibadilishie zipu. Baadaye hata hizo zikaadimika. Kodi ikamshinda, na mwenye nyumba akafanya wanavyofanya wenye nyumba wa Kibera, akaja na nyundo akang'oa mlango, akaondoka nao. Rachael, binti yake aliyekwisha kuvunja ungo, akawa analala nyuma ya blanketi lililotundikwa, na walevi wanapita nje. Lusweti akafungua sanduku, akauza kitambaa cha rafiki yake, mlango ukarudi. Alijiambia atatafuta kingine Oluoch asijue. Oluoch akafa kabla hajakitafuta.

Magdaline, mjane wake, alikuja kibandani amejifunga leso kiunoni, macho yamevimba.

"Baba Rachael, mwili inaenda nyumbani Ijumaa. Ile suti itakuwa?"

Hapo ndipo angesema ukweli. Mke wake alikuwa ndani, mimi nilikuwa nje, hakuna ambaye angempiga.

"Itakuwa, Mama Billy," akajibu.

Soko la Toi, la hapo karibu, hakuenda, kwa sababu huko kila mtu anamjua. Alitembea kwa miguu hadi Kawangware, akainama juu ya lundo la mitumba kama sisi wengine, akachagua suti ya kijivu. Akaifumua lebo, akapunguza kiuno, maana Oluoch alikuwa amekonda, akaipiga pasi mara mbili. Nilimwona akifanya kazi kimya, nikadhani ni majonzi. Nikamtumia hata chai.

Siku ya kutazama mwili tulijaa mochari. Watu waliisifia ile suti kwa sauti. Nashon, kaka mkubwa wa Oluoch aliyekuja kutoka Siaya, akamshika Lusweti mkono.

"Fundi, asante sana. Hii ni kazi. Sasa nipatie yale mabaki. Mama yetu ni mzee, anataka kushika hiyo nguo kijana yake alitengeneza."

Lusweti akajipapasa mifukoni. Magdaline alikuwa akimnyoosha mumewe mkono wa koti. Kitambaa kile alikaa nacho nyumbani kabla Oluoch hajakipeleka kwa fundi, akikikung'uta vumbi na kukikunja upya, alikijua vizuri. Vidole vyake vikasimama. Akamtazama Lusweti, nami nikaona kwamba amejua hicho si kitambaa cha mumewe; nikaelewa na mimi. Niliona aibu hadi nikatazama sakafu, na sikuwa mimi niliyefanya.

"Mabaki niko nayo mimi," Magdaline akamwambia shemeji yake. "Nimeyafunga na vitu zangu."

Nashon akaitikia kwa kichwa, akatoka kuita wabebaji.

Nje, jeneza likipandishwa basi, Lusweti alimfuata mjane.

"Mama Billy, ile suti..."

"Usiniambie," Magdaline akamkata. "Ukiniambia itabidi nimvue, na sina ingine ya kumvalisha. Panda gari, twende."

Hakupanda. Basi liliondoka tukiimba, na kupitia dirishani nikamwona Lusweti amesimama pale pale. Niliporudi kutoka matangani kibanda kilikuwa kitupu, wameshahama.

Nilikuja kumkuta mwaka uliofuata Kawangware, anauza mitumba. Cherehani aliiuza. Ndipo aliponieleza yote haya, akikunja na kukunjua shati moja, hanitazami usoni. Kumtukana nilishindwa, na nilikuja nimejitayarisha.

Mama mmoja akatukatiza. Alikuwa na kitambaa kipya cha gauni kwenye karatasi, amesikia hapa kuna fundi mzuri kutoka Kibera. Akamnyooshea. Lusweti aliweka mikono nyuma.

"Wamekuelekeza vibaya, mama," akamwambia. "Mimi sijui kushona."