Miche Iliyochomwa kwa Ajili ya Mgeni

Mpaka leo nikimsikia mtu anasifu uwanja uliofagiwa ukabaki mchanga mtupu, damu hunichemka. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasomesha sayansi katika skuli moja ya mitaa ya Ng'ambo, karibu na Kikwajuni. Uwanja wetu ulikuwa mteremko mkavu. Kila masika mvua iliukokota udongo ikaushusha mtaroni, na wakati wa mapumziko watoto walikaa juani kama dagaa walioanikwa.

Nikaliambia darasa langu: tufungeni vitabu, tupande mikungu, miti ya kungu yenye kivuli kipana. Kila mtoto akaleta kopo la maziwa kutoka kwao, tukalitoboa chini, tukatia udongo na mbegu. Kiangazi kizima walibeba maji kutoka bomba la mfereji wa mtaani. Wazee wao wakanijia juu, eti nawafanya watoto vibarua. Nikawajibu, njooni masika muone. Miche ikafika magotini, tukawa tunangoja mvua ya kwanza tu tuipande mteremkoni.

Ikaja habari kwamba mgeni mkubwa atatutembelea. Siku ya matayarisho nilikuwa mazikoni mtaa wa Amani. Kesho yake naingia skuli, makopo hayapo! Mwalimu mkuu aliwaamrisha watoto wa darasa langu mwenyewe, kwa mikono yao, wayabebe wakayatupe jaani. Nilikwenda mbio. Jaa lilikuwa limeshatiwa moto.

"Bibie, makopo yale yanafuga mbu," akaniambia mwalimu mkuu nilipomkabili. "Usafi kwanza."

"Usafi gani huo? Ile ilikuwa miti, si taka!"

"Mgeni anakuja na mti wake."

Ati mti wake! Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wetu hata hajafika, wenyeji tushaumia. Watoto wangu hawakuweza kunitazama usoni, na hilo ndilo lililonikera kuliko moto wenyewe.

Mgeni akafika, akapanda mche mmoja, akapigiwa makofi. Kisha akauliza kwa bashasha, "Haya, nani atanambia kwa nini tunapanda miti?"

Darasa langu lilijua kuliko yeye. Akanyanyuka msichana wangu mmoja.

"Ili udongo usende na mvua," akasema. "Na yetu mumeichoma."

"Hana adabu huyu!" Mwalimu mkuu akamrukia na bakora.

Nikamdaka mkono mbele ya mgeni. "Unampigia nini?" nikamwambia. "Kaulizwa suali, kajibu."