Vibandiko Viwili vya Okidi

Siku yangu ya kwanza katika jumba la vioo la mimea, mjini Saint Paul, ughaibuni, nilikabidhiwa penseli. Nilikuwa nimetoka kuhitimu shahada ya botania, nikadhani nitaanza na maua. Mkuu wa Mkusanyo, mwanamke mpole asiyependa kurudia neno, aliniambia: “Wino hufutwa na maji, penseli hubaki. Mmea usioujua, andika haujulikani. Hapa hilo si kosa.”

Tulitunza okidi za Asia ya joto, zile zinazoota juu ya miti bila kuinyonya. Kila chungu kilikuwa na kibandiko: jina la jenasi, jina la spishi, kisha namba ya kuonyesha mmea ulitoka msitu gani. Jina huweza kusahihishwa ua likichanua. Namba ikichanganywa, asili ya mmea imepotea.

Mmwagiliaji wetu alikuwa Dada Saida, mwenyeji wa Tanga, aliyenitangulia kazini miaka mingi.

“Msomi, leo umeipa majina mimea mingapi?”

“Kumi na miwili, dada.”

“Na imeitika?”

Katika majira ya baridi ya mwaka wangu wa tatu nilikuwa nikihamisha vyungu viwili, vibandiko vikaanguka. Kimoja kilikuwa cha Dendrobium aphyllum, kingine cha Dendrobium primulinum. Msimu huo zote mbili zilikuwa zimepukutisha majani, zikabaki fimbo tupu zinazoning’inia, sikuweza kuzitofautisha. Nilipaswa kuandika haujulikani, lakini wiki ileile nilikuwa nimependekezwa kuwa Msaidizi wa Mkuu. Nikavichomeka vibandiko kwa kubahatisha. Vipandikizi vikakatwa, vikapelekwa bustani nyingine kwa majina hayo.

Maua yalipochanua, petali pana ya manjano hafifu, iliyo alama ya primulinum, ilitokea kwenye chungu chenye kibandiko cha aphyllum. Mkuu akatuita, mimi na Dada Saida.

“Nani hugusa vyungu hivi?”

“Mimi huvisogeza nikimwagilia,” alisema Dada Saida. “Vibandiko sivigusi, bosi.”

Mkuu akanigeukia. Nikasema, “Huenda vilidondoka wakati wa kumwagilia.”

Dada Saida hakufukuzwa. Alihamishiwa usafi wa ofisi, na baada ya mwezi akaenda kufungasha bidhaa katika kiwanda kimoja huko Savage. Mimi nikawa Msaidizi.

Niliiacha kazi ile kwa hiari, nikapata kazi ya ofisini huko Plymouth, mji wa jirani. Miaka mingi baadaye nilikutana na Dada Saida kwenye harusi ya Watanzania wenzetu huko Champlin, nikakiri kwake kosa langu.

“Nilikuona ukiviokota,” alisema, akiendelea kula pilau. “Nilikuwa nyuma ya mlango.”

“Mbona hukusema?”

“Nilisema ukweli wangu. Wako nilikuachia wewe.”

Juma lile nilimwandikia Mkuu, kurasa mbili, juu ya vyungu, vipandikizi na namba. Alinijibu kwa upole kwamba amerekebisha daftari na kuiarifu ile bustani nyingine. Nilipoisoma tena nakala ya barua yangu, niligundua kwamba Dada Saida sikumtaja popote.